Mtungi wa Mama na hamira isiyopenda joto

Mama ananidai mtungi.

Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia kutoka Igombe. Anaanza na wajukuu, anapita kwenye mvua, anauliza kama dagaa aliotuma walifika bila mchanga, halafu sauti inabadilika. "Na mtungi wangu?" Namwambia upo kazini. Anakaa kimya kidogo. "Mtungi wa maji uko kazini unafanya nini?" Miezi saba sasa namjibu kwamba nitamweleza nikienda, na nikienda naishia kula na kulala. Basi naeleza hapa. Dada atamsomea.

Nafanya kazi ya maabara kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Chumba chetu kiko juu kabisa, bati tupu kati yetu na jua, na nyuma ya dirisha yamekaa yale mawe yetu makubwa yanayokunywa joto mchana kutwa na kulitapika jioni. Dirisha la pili linatazama ziwa, na ukibahatika unaona kivuko kinaelekea Kamanga. Mandhari ya kalenda, ila chumba chenyewe ni tanuri. Saa nane mchana mwezi wa tisa kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 31. Hiyo namba ishike, nitairudia.

Shahada yangu ya pili niliisomea Ujerumani, na miaka miwili yote iliishia kwenye jeni moja ya hamira. Ndiyo, hamira, spishi ile ile inayoumua maandazi. Jeni yenyewe inaitwa SEC18. Ndugu wakiniuliza nilisomea nini huwa nasema "mambo ya seli", kwa sababu mara ya kwanza niliposema hamira mjomba aliuliza, mbele ya wageni, kama huko Ulaya waokaji wamekwisha.

Chembe moja ya hamira ni seli moja. Zipange kama 200 kwenye mstari ndipo zijaze milimita moja. Pamoja na udogo huo, ndani ina vyumba, na ina mizigo ya kutoa nje: vimeng'enya, malighafi za ukuta, na vinginevyo. Protini ya kutoka nje huingizwa kwanza kwenye chumba kiitwacho retikulamu ya endoplazimu, ikatoka hapo kwenda chumba kingine kiitwacho Golgi, na kutoka Golgi kwenda ukingoni mwa seli. Haitembei yenyewe. Kila hatua inafungwa kwenye kifuko cha utando, kidogo mno, nanometa 50 hadi 100 hivi, na kifuko ndicho kinachosafiri. Njia hiyo ilichorwa na George Palade na wenzake kwa hadubini ya elektroni, na Palade akagawiwa Nobel mwaka 1974. Ila walichokuwa nacho ni ramani ya barabara. Hakuna aliyejua jina la dereva hata mmoja, wala kuli.

Hapo ndipo Randy Schekman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwanafunzi wake Peter Novick walipoigeukia hamira. Ukitaka kujua nani anafanya nini mwaloni, mwondoe mtu mmoja mmoja uangalie kazi gani inasimama. Tatizo ni kwamba kazi hizi ni za uhai. Ukiiondoa jeni moja kabisa, seli inakufa, na huwezi kufuga maiti. Kwa hiyo wakatafuta hamira zenye kasoro ya aina ya pekee: jeni imeharibika kidogo, kiasi kwamba protini yake inafanya kazi kwenye nyuzi 25 lakini inalegea na kuacha kazi kwenye nyuzi 37. Unailea kwenye ubaridi. Siku ukitaka kuona uharibifu, unapandisha joto.

Zitapatikanaje kati ya mamilioni? Hapa kuna kitu ambacho mimi, kwa maoni yangu yasiyoombwa, nakiona ndicho kizuri kuliko vyote kwenye hadithi hii. Mwaka 1979 walipata ya kwanza, wakaiita sec1. Wakagundua kwamba ikiwa kwenye joto inaendelea kutengeneza protini ndani lakini haitoi kitu, na vifuko visipofika ukingoni utando wa nje nao hauongezeki. Seli haitanuki. Inakuwa kama gunia unalozidi kulishindilia mahindi bila kuongeza kitambaa: ukubwa ule ule, uzito unazidi. Basi wakachukua hamira nyingi zilizopitishwa kwenye kemikali ya kuharibu jeni, wakazipasha joto, wakazizungusha kwenye mashine ndani ya kimiminika kizito, na zile zilizozama kuliko wenzake ndizo walizozichunguza. Kwa kuangalia zilizozama tu! Mwaka 1980 wakatangaza jeni 23. SEC18 ni mojawapo, na hiyo 18 ni namba ya foleni tu, isikusumbue. Jeni nzima huandikwa SEC18, protini yake Sec18, na hamira yenye jeni mbovu sec18.

Sasa, wengi wanaofundisha somo hili hutumia mfano wa boti. Vifuko ni boti, protini ni samaki, ukingo wa seli ni gati. Mimi mtoto wa mwalo, mfano huo ulinikera tangu siku ya kwanza. Boti inafika, inashusha, inaondoka. Kifuko hakiondoki. Ngozi yake inaungana na utando inaoufikia. Ni kama mtumbwi ufike Mwaloni Kirumba, uguse gati, mbao zake zigeuke kuwa mbao za gati, na samaki wajikute nchi kavu bila mtu kuwabeba. Ukiona hivyo kwa macho utakimbia.

Na ni nani anayeuvuta mtumbwi hadi uungane? Ni kamba. Wataalamu wanaziita SNARE. Kamba moja imefungwa kwenye kifuko, nyingine ziko upande wa gati, na zikikutana zinasokotana nyuzi nne, kuanzia ncha za mbali kuja kwenye tando mbili, zikizivuta karibu, karibu, mpaka zinaungana. Umbo la msokoto huo lilionekana wazi mwaka 1998. Ni msokoto mgumu mno. Haufunguki wenyewe. Na baada ya kazi, kamba zote nne zinabaki upande mmoja, zimetatana, hazina faida kwa yeyote. Mtumbwi unaofuata ukifika utakuta kamba zote ni fundo.

SEC18 ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza mfumua fundo. Protini sita za Sec18 hukaa duara. Msaidizi wake, Sec17, hulishika fundo, Sec18 inachoma ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ndani ya seli, na kamba zinaachana. Haifanyi kingine. Haipakii, haipigi kasia, haishushi.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza, usiku, chumbani kwangu Ujerumani, theluji dirishani, nilicheka peke yangu. Nilikuwa namjua mtu huyo.

Babu yangu, baba yake Mama, alipoacha kwenda ziwani, kwanza kwa macho kisha kwa nyonga, alibaki mwaloni Igombe akifumua makila, zile nyavu za kutegea samaki. Makila zikitoka majini alfajiri zinakuja kama furushi: sangara amejizungusha, jiwe limenasa, majani ya ziwa, boya mbili zimepita kwenye tundu moja. Babu alikaa kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa, akaitundika kamba ya juu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, akaukunjua mguu mpaka kamba ikakaza kiasi. Halafu hakuvuta. Hicho ndicho nilichokuwa sikielewi nikiwa mdogo. Vijana walivuta, Babu alisukuma. Kwa gumba la kushoto alisukuma jicho la wavu kurudi lilikotoka, akalitafuta lililoingia mwisho ili litangulie kutoka. Boya zetu nyingi zilikuwa vipande vya kandambili za zamani, na aliweza kuzijua kwa kupapasa, hata akakwambia kandambili ile ilikuwa ya nani. "Ukivuta unakaza," alisema, mara moja, bila kuinua kichwa, na hakuwa mtu wa kurudia.

Malipo yake yalikuwa kitoweo. Sato mmoja, au kichwa cha sangara siku mbaya. Vijana walimtania kwamba kazi yake ni kukaa. Kisha akaugua malaria, wiki nzima kitandani. Siku ya kwanza hakuna aliyeona tofauti, wavu safi zilikuwepo za akiba. Siku ya pili wakachagua zenye nafuu. Siku ya tatu mtumbwi ulibaki ufukweni, wavu zote ziko pale, hazijaibwa, hazijachanika, zimerundikana tu kama kichaka, na vijana wanazivuta huku wanatukanana. Jioni tajiri alikuja nyumbani mwenyewe, na kilo mbili za sukari, kumjulia hali mgonjwa.

Hamira ya sec18 kwenye nyuzi 37 inaonekana hivyo hivyo chini ya hadubini ya elektroni. Vifuko vidogo vimerundikana, vizima, vimejaa, vinangoja. Hakuna kilichoharibika isipokuwa yule anayefumua.

Cha kuchekesha ni kwamba wataalamu wenyewe walimdhania mtu wa kazi nyingine. Upande mwingine wa Marekani... hapana, wakati ule ilikuwa jimbo lile lile la California, Stanford, James Rothman alikuwa hatumii hamira. Alikuwa anapasua seli zilizotokana na hamsta wa Kichina, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na kuifanya kazi ya usafirishaji iendelee ndani ya chupa. Kuna sumu inayoisimamisha kazi hiyo. Mwaka 1988 kundi lake likaisafisha protini inayoirudisha, wakaiita NSF, na hiyo F ikaja kusomwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha, maana walidhani yeye ndiye anayeunganisha tando. Mwaka uliofuata wakasoma mpangilio wake, na ikawa ni ndugu kabisa wa Sec18 ya hamira. Si kufanana sura tu: ile ya hamira iliwekwa mahali pa ile ya mnyama, ikafanya kazi.

Kisha mwaka 1996, kwa kutumia viputo vikubwa vya ndani ya hamira, ikaonekana kwamba Sec18 inamaliza kazi yake kabla tando hazijagusana. Inafungua, inawaachia wenyewe. Na mwaka 1998 kamba peke yake, zikiwekwa kwenye viputo vya kutengenezwa maabara, ziliunganisha bila Sec18 kuwepo. Kwa hiyo jina ni la uongo. Limebaki vitabuni mpaka leo, kama yule jirani yetu anayeitwa Dereva ambaye hajawahi kushika usukani. Schekman na Rothman walipewa Nobel mwaka 2013, pamoja na Thomas Südhof aliyefanya kazi kwenye neva, nami nilikuwa bado sekondari, sikusikia.

Kiswahili kingewaokoa. Sisi tuna neno moja, kutatua, na kabla halijawa la mikutano na makongamano lilikuwa la kamba. Vitu vimetatana, unavitatua. Tatizo lenyewe ni mtoto wa tata. Babu alikuwa anatatua kwa maana ile ya kwanza, na Sec18 hivyo hivyo.

Turudi kwenye mtungi.

Nilipoajiriwa hapa niliomba kwa maabara yangu ya zamani wanitumie hamira mbili, ya kawaida na ya sec18, niwafanyie wanafunzi zoezi. Zilikuja na vibali vyake, kwenye vichupa vya aga, ile jeli ya kulelea vijidudu, zikiwa hai. Ya kawaida niliipanda, ikaota vizuri, madoa meupe ya kupendeza siku ya pili. Ya sec18 haikuota. Nikapanda tena. Ikatoka ukungu mwembamba ambao ungeweza kuwa chochote. Mara ya tatu nikaandika barua pepe Ujerumani, kwa lugha ya adabu lakini yenye lawama ndani, kwamba huenda mmenitumia iliyokufa. Nikajibiwa swali moja tu: unailea kwenye nyuzi ngapi?

Niliandika "joto la kawaida la chumba". Nikaisoma kabla ya kuituma. Nikainua macho ukutani.

Nyuzi 31.

Jamani. Miaka miwili nimeishi na jeni hii. Kule "joto la chumba" lilikuwa 22, na kwenye daftari langu lote nimeandika "acha mezani" bila kufikiria mara mbili. Meza ya Ujerumani ni meza ya Ujerumani. Hapa mezani nilikuwa naipika, si kiasi cha kuiua papo hapo, kiasi cha kuidhoofisha tu, na hilo ni baya zaidi kwa sababu hulioni. Barua ile sikuituma. Niliandika nyingine, fupi.

Inkubeta yetu, kabati la kulelea vijidudu, inaweza kupasha, haiwezi kupoza. Hilo si ajabu, ziko nyingi za hivyo na ni za bei nafuu, na mtu aliyezinunua alikuwa anafikiria bakteria wa binadamu wanaotaka 37. Friji ni nyuzi 4, humo hamira inalala. Ninachotaka ni 25, mchana na usiku, kwenye jengo ambalo umeme una tabia zake. Nilijaribu beseni la maji na vipande vya barafu, nikawa nakuja usiku kama mtu mwenye mtoto mchanga. Wiki moja ilinitosha.

Jumamosi moja niko Igombe, nimetoka juani, Mama akanichotea maji ya mtungini. Yale maji. Kila mtu aliyekulia na mtungi anayajua, ubaridi ule usioumiza meno. Nikabaki na kikombe mkononi. Nikaomba kipimajoto changu kwenye begi. Nje kivulini 30, ndani ya mtungi 25 na nusu.

Hakuna uchawi. Udongo uliochomwa bila kupakwa kitu unapitisha maji taratibu hadi nje, yanakuwa mvuke, na kila tone linapopaa linaondoka na joto. Ngozi ya mtungi ikiwa na unyevu na upepo ukipita, utashuka nyuzi kadhaa chini ya chumba. Mvua zikianza, hewa ikishiba unyevu, unafanya kazi vibaya, hilo nalo niliandika baadaye kwenye daftari. Lakini mwezi wa tisa unatosha. Nilimwambia Mama nauazima siku chache.

Nikauweka maabara kwenye dirisha la upande wa ziwa, juu ya sinia lenye mchanga uliolowa, nikatia maji hadi robo tatu, nikaning'iniza chupa zangu humo kwa kamba ya makila (ndiyo, ninayo, msiulize). Mfuniko ni kitambaa kilicholowa. Siku ya tatu hamira ya sec18 iliota. Madoa yake ni madogo kuliko ya mwenzake, lakini ni madoa.

Zoezi lenyewe ni hili. Hamira ikitaka kula sukari ya kawaida, hii ya chai, hutoa nje kimeng'enya kiitwacho invatesi kinachoikata kuwa glukosi na fruktosi. Ikiwa tayari ina glukosi ya kutosha haijisumbui kukitengeneza. Basi unailaza kwenye glukosi nyingi, asubuhi unaihamishia kwenye glukosi kiduchu, inashtuka, inaanza kukitengeneza na kukitoa. Baada ya saa moja na nusu unaiosha kwa maji ya barafu, unaipa sukari, unangoja dakika kumi, na kupima kama kuna glukosi. Kipimo hatukununua cha gharama. Ni vile vijiti vya karatasi vya kupimia sukari kwenye mkojo. Hivi vyetu hutoka njano kwenda kijani.

(Sukari ya dukani lazima uipime kwanza yenyewe. Nilijaribu pakiti tatu. Mbili zilibaki njano safi. Ya tatu, iliyokuwa imeanza kushikana kwa unyevu, ilitoa kijani hafifu bila hamira yoyote. Hiyo tulinywea chai.)

Kwa hamira ya kawaida kijiti kinapaswa kuwa kijani, kwenye 25 na kwenye 37. Kwa sec18, kijani kwenye 25, njano kwenye 37. Siku ya zoezi, wanafunzi kumi na wanne, chupa ziko kwenye beseni la umeme la nyuzi 37, saa moja na nusu imekwisha, umeme ukakatika. Nikawaambia ngojeni, nikatafute mwenye ufunguo wa jenereta. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Nilirudi baada ya saa nzima, nimeloa jasho, mikono mitupu, nikasema basi tupime hivyo hivyo kwa mkono, barafu ipo.

Sec18 ya nyuzi 37 ikatoka kijani. Kijani cha kujivunia, sawa na ya kawaida.

Niliwaangalia wanafunzi, wakaniangalia. Nilikuwa nimetumia nusu saa asubuhi kuwaeleza kwa nini haiwezi kuwa kijani. Nikaanza kusema maneno ya watu wa maabara, pengine tumechanganya chupa, pengine vijiti vimepitwa na muda. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono nusu. "Mwalimu, samahani. Ulipotoka niliona maji yanapoa, nikaogopa zitaharibika. Nikazirudisha mtungini."

Nilitaka kumgombeza, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini fikiria alichokifanya. Alizitoa kwenye 37, akaziweka kwenye 25 na nusu, saa nzima. Sec18 iliyolegea ikarudi kukaza, ikaanza kufumua, na ule mrundikano wote wa vifuko ukaondoka mmoja mmoja hadi nje. Kasoro ya hamira hii hurudi nyuma, na Novick na wenzake walitumia tabia hiyo hiyo, kwa jeni kadhaa za kundi hili, kuonyesha kwamba kilichokwama kinaweza kuachiwa. Zoezi ambalo sikulipanga lilikuwa bora kuliko langu. Ila sikuwa na ushahidi. Huenda ilitengeneza mpya humo mtungini.

Tulirudia wiki iliyofuata, safari hii chupa tatu za sec18. Moja ikatoka 37 kwenda barafu moja kwa moja: njano. Nyingine ikarudi mtungini kwanza, ikiwa na dawa ya kuzuia kutengeneza protini mpya: kijani, ilichukua muda lakini kijani. Ya tatu, iliyokuwa njano kama ya kwanza, tuliipasua kwa kuitikisa na shanga ndogo za kioo, dakika tano, kila mwanafunzi zamu yake mpaka mikono ikauma, tukatia sukari. Kijiti kilianza kubadilika pembeni, ukingo wa karatasi ukawa na uzi wa kijani, uzi ukaingia ndani, na kabla ya dakika mbili kiraka chote kilikuwa cheusi-kijani kama jani la mhogo. Mzigo ulikuwepo muda wote. Ulikuwa ndani.

"Utajuaje haukuwemo tangu jana?" aliuliza binti mmoja anayesomea uuguzi, na kwa kweli ndilo swali lililopaswa kuulizwa. Tukapasua nyingine iliyobaki kwenye glukosi nyingi. Njano, au karibu na njano. Akaandika. Halafu akauliza la pili, kwamba haya yote yanamhusu vipi mgonjwa.

Nilimwambia pepopunda. Sumu ya pepopunda inapanda kwenye neva hadi uti wa mgongo, inaingia kwenye neva zile zinazoituliza misuli, na humo inakata kamba moja, ile ya kwenye kifuko. Hilo lilijulikana mwaka 1992. Kamba ikikatwa, vifuko vya dawa ya kutuliza haviungani na ukingo, amri ya kutulia haifiki, na misuli inakaza haiachi. Hatukuongea zaidi. Mama mdogo wangu alizaa nyumbani, na mtoto aliacha kunyonya siku ya sita. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka taya. Wakati ule tuliambiwa ni jicho la mtu.

Kijana wa mtungi sasa ndiye anayeujaza maji kila asubuhi. Ameweka daftari lake pembeni, saa, joto la nje, joto la ndani, mistari imenyooka kuliko yangu.

Kuhusu kuurudisha, Mama, nilijaribu. Nilinunua mwingine mzuri zaidi, una mdomo mpana na maua yaliyochorwa, nikauweka mahali pa wako wiki nzima. Ndani 29. Yule fundi ameupaka rangi ya mafuta nje yote, umeziba, hautoki jasho. Nimenunua msasa. Nimeshakwangua upande mmoja na nusu ya ua, na juzi ulisoma 27.